Somo: Rafiki, Jina na Ukumbusho wa Askari wa Uzaramo

Katika lugha yetu liko neno dogo, somo, ambalo mwenye haraka hupoteza nusu ya maana yake. Somo ni rafiki wa kuaminiwa kwa siri. Somo ni mtu mwenye jina moja nawe. Na somo ni yule amfundishaye mwari mambo ya utu uzima. Maana hizi tatu zakaa vema pamoja. Kwa maana mtu akimpenda sana rafiki yake humpa mwanawe jina la rafiki huyo, na mtoto akikua huuliza, Nimeitwa jina la nani? Hapo hufundishwa. Tumelitanguliza neno hili kwa sababu twataka kunena habari za watu wa Kisarawe na Kibaha waliokwenda vitani, na za rafiki waliobaki na majina yao.

Nchi hii ya Uzaramo iko mlangoni mwa Dar es Salaam. Njia za misafara zilipita hapa, na reli ya kati baada yake. Kwa hiyo habari za uaskari ziliwafikia watu wake mapema. Mwaka 1889 Wissmann alileta Wasudani aliowaandika Misri, nao wakaja na maneno yao: ombasha, shaushi na afande. Ombasha na shaushi wamekwisha kusahauliwa na wengi, bali afande yu hai mpaka leo katika kinywa cha kila askari.

Kisha ikaja vita ya 1914 hata 1918. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliweka mjini kambi ya wapagazi wa jeshi, na jina la kikosi kile kwa Kiingereza likageuka midomoni mwa watu kuwa Kariakoo. Wanunuzi wa samaki na nguo waendao huko kila siku hulitaja jina la wachukuzi wa mizigo bila kujua. Wachukuzi hao walikufa kwa kuhara damu, homa na njaa kuliko kwa risasi. Hesabu za Waingereza wenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000. Mwaka 1927 ilisimamishwa mjini Sanamu ya Askari, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Ni kazi nzuri. Lakini lugha ni tatu, na jina la mtu hata moja halimo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ya kuwa wafu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina.

Msomaji na afikiri maana ya jambo hili kwa desturi zetu. Afaye nyumbani huoshwa, huzikwa, hukaliwa matanga. Watani huja na mizaha yao, na siku ya arobaini husomewa. Afaye ugenini hana kaburi la kuzuriwa, na matanga hayana siku ya kuanzia. Nani basi atakayesema, Fulani amekufa, nami nilikuwapo? Ni mwenziwe aliyerudi. Yeye ndiye kaburi, na yeye ndiye maandishi. Wahenga walinena, Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nasi twaongeza ya kuwa dhiki ya mwisho ya mtu ni kusahauliwa.

Katika vita ya pili vijana waliingia Keya, ndilo jina walilowapa King's African Rifles, wakapigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma miaka ya 1944 na 1945. Safari hii majina yaliandikwa zaidi: kule Taukkyan, karibu na Yangon, uko ukumbusho wenye majina kama 27,000 ya askari wasio na kaburi, na Waafrika wamo. Lakini ni nani atokaye Maneromango akaenda kuyasoma?

Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikuwa yetu wenyewe. Wanajeshi na mgambo walitoka kila mkoa, na Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Waliokufa wengi wamelala Kaboya, mkoani Kagera, na taifa huwakumbuka mashujaa wake kila tarehe 25 Julai. Kambini, kama ile ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Ruvu, wilayani Kibaha, Mzaramo hulala kando ya Msukuma na Mmakonde. Hivyo jina la rafiki likavuka mpaka wa kabila.

Taifa huwakumbuka wote kwa pamoja, na ni haki yao. Bali rafiki humkumbuka mmoja, alivyocheka na alivyogawa maji ya chupa yake. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1979 sasa ni mzee. Yatupasa tumwendee angali hai, tumshukuru kwa utumishi wake, kisha tumwulize majina ya wenziwe, tuyaandike daftarini pamoja na vijiji vyao. Na kama yupo mjukuu aliyepewa mojawapo la majina hayo, na aketi karibu asikie, apate kumjua somo wake.