Moyo na Masikio ya Punda wa Dobi

Hadithi za wanyama hudhaniwa na watu wengi kuwa ni mchezo wa jioni, kitu cha kumliwaza mtoto mpaka usingizi umchukue. Mtu mzima huzisimulia bila ya kufikiri sana, akapunguza hapa na kuongeza pale, kwa kuwa hadithi ni mali ya kila mtu na haina mwenyewe wa kumshitaki. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Katika makala haya nataka kuifuata safari ya hadithi moja tu, nayo ni hadithi ya kima na papa, tangu Bara Hindi mpaka Unguja, na tangu Unguja mpaka vitabu vya watoto wa Ulaya na Marekani, ili tuone kila msimuliaji alibadili nini na alihifadhi nini. Ninayo sababu ya nafsi yangu ya kulitazama jambo hili, nami nitaitaja mbele, ingawa si sababu ya kujivunia.

Msomaji aliyekulia pwani huenda anaijua hadithi yenyewe. Palikuwa na mkuyu mkubwa uliosimama ukingoni mwa bahari, nusu ya matawi yake yameelekea mjini na nusu yameelekea majini. Kima alikuwa akija kila siku kula makuyu, na papa akija chini yake kuomba atupiwe. Wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kima kwao ili amlipe fadhila, akamchukua mgongoni. Walipofika katikati ya bahari, papa akamwambia kweli: sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakupiga kelele. Alimwambia papa kwamba angalisema mapema, maana kima wakitembea huiacha mioyo yao mtini. Papa akasadiki, akamrudisha pwani, na kima akapanda juu akanyamaza.

Hapo wengi hudhani kwamba hadithi imekwisha, kumbe ndipo inapoanza nusu yake ya pili. Papa anaita, anamtaka kima ashuke waendelee na safari. Kima anamwuliza kama yeye amemfanya punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio. Papa hamjui punda huyo, basi kima anamsimulia. Dobi alikuwa na punda wake, punda akatoroka akaingia mwituni, akanenepa. Simba alikuwa ametoka katika ugonjwa, amekonda, hana nguvu za kuwinda. Sungura akamwendea punda, akamwambia kwamba ametumwa na simba kuja kumposa. Punda akafurahi, akaenda. Simba akamrukia, lakini kwa udhaifu wake hakuweza kumshika, na punda akampiga mateke akakimbia. Baada ya siku kupita sungura akamrudia kwa maneno matamu yale yale, na punda akaenda mara ya pili. Safari hii hakurudi. Simba akamwachia sungura nyama, akataka awekewe moyo na masikio tu, na sungura akavila yeye. Alipoulizwa viko wapi, alijibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, kwani angalikuwa navyo asingalirudi mahali alipokwisha ponea kifo.

Asili ya hadithi hii ni Bara Hindi. Imo katika kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Panchatantra, maana yake mafungu matano, na dibaji yake yasema kwamba mwalimu Vishnusharman alikitunga ili kuwafundisha wana watatu wa mfalme walioshindwa na masomo, naye akaahidi kuwafunza katika miezi sita. Basi tangu mwanzo wake kitabu hiki kilidai kuwa ni cha vijana, wala hakikuwaficha vijana hao mauti, hila na usaliti. Hadithi yetu ni kiini cha fungu la nne, ambalo somo lake ni kupoteza kilichokwisha kupatikana. Huko rafiki wa kima ni mamba, mti ni mzambarau, na anayeutamani moyo si sultani bali ni mke wa mamba, kwa wivu wa urafiki ule. Punda wa dobi naye yumo, lakini ni punda dume anayevutwa kwa ahadi ya majike, na anayemlaghai ni mbweha. Hadithi za Kibudha ziitwazo Jataka pia zina kisa cha kima na mamba, na ndani yake kima anauonyesha mtini uliojaa matunda, akisema kwamba mioyo ya kima ile pale inaning'inia.

Katika karne ya 6, zamani za mfalme Anushirvan aliyetawala Uajemi toka mwaka 531 mpaka 579, tabibu Burzoy alikileta kitabu hiki katika lugha ya Kipahlavi. Katika karne ya 8, Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Mamba akageuka kuwa kobe, na mzambarau ukageuka kuwa mtini. Somo, hata hivyo, lilibaki lile la Wahindi: mfano wa mtu aliyepata haja yake kisha akaiacha imponyoke. Ukitazama vizuri, msomaji, utaona kwamba somo hilo linamhusu mwindaji. Mamba na kobe ndio waliopata kisha wakapoteza.

Sasa tuitazame Unguja. Edward Steere alifika huko mwaka 1864 pamoja na misheni ya Kiingereza, akawa askofu mwaka 1874, akafa mwaka 1882. Mwaka 1870 alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, ukurasa mmoja Kiswahili na wa pili Kiingereza. Katika kitabu hicho hadithi yetu inaitwa kisa cha punda wa dobi. Jina hilo lina uzito. Kima na papa wanaanza hadithi na kuimaliza, lakini jina amepewa punda, ambaye ni mfano tu ndani ya maneno ya kima. Wasimulizi wa Unguja walibadili mengi, kama walivyobadili waliowatangulia: wavuvi hawana haja na mamba, basi akawa papa, mtini ukawa mkuyu, ambao kwa kweli ni jamaa ya mtini, mbweha akawa sungura, bingwa wa hila katika hadithi zetu, na punda akawa jike anayeletewa posa. Lakini badiliko kubwa kupita yote ni hilo la jina. Somo lilihama kutoka kwa mwindaji likaenda kwa mwindwa. Halikuwa tena onyo kwa mwenye kupata asije akapoteza, bali onyo kwa aliyeponea asirudi.

Sidai kwamba najua kwa nini lilihama. Lakini hadithi haisimuliwi hewani, husimuliwa mahali na wakati. Mwaka 1870 soko la watumwa la Unguja lilikuwa lingali wazi; lilifungwa mwaka 1873. Miongoni mwa watoto waliosoma kwa wamisheni walikuwamo waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Katika mji wa namna hiyo, kisa cha kiumbe dhaifu anayealikwa kwa maneno mazuri, akachukuliwa baharini, akaambiwa katikati ya maji kwamba moyo wake umekwisha kutengwa kwa ajili ya sultani asiyemjua, hakikuwa kichekesho kitupu. Mtoto aliyekisikia alihitaji kujua mambo mawili: namna ya kutoka, na namna ya kutorudi.

Toka Unguja hadithi ilisafiri tena. Mwaka 1901 George W. Bateman alitoa Chicago kitabu cha hadithi za Unguja kwa Kiingereza, na hadithi ya kwanza ikawataja katika jina lake kima, papa na punda wa dobi pamoja. Aliyaacha majina ya wanyama katika Kiswahili, ameyaandika kwa tahajia ya Kiingereza ili watoto wa huko waweze kuyatamka. Mwaka 1910 Andrew Lang aliitia hadithi hiyo, kutoka kwa Steere, katika kitabu cha mwisho cha mfululizo wake wa hadithi za watoto alioanza mwaka 1889. Yeye aliiita moyo wa kima, akaongeza maelezo ya mji mdogo na vibanda vyake chini ya jabali. Punda akatoka katika jina. Bila shaka jina jipya lilipendeza, lakini jicho la msomaji lilirudishwa kwa mwerevu aliyeponyoka, likaondolewa kwa mpumbavu aliyerudi.

Jambo hili si la hadithi yetu peke yake. Katika Ufaransa, mwaka 1697, Charles Perrault alimwacha msichana mwenye kofia nyekundu aliwe na mbwa mwitu, pasi na mwokozi. Katika Ujerumani, mwaka 1812, ndugu wawili Grimm walimleta mwindaji akampasua mbwa mwitu na kumtoa mtoto mzima. Wengi hukumbuka mwindaji huyo. Wachache hukumbuka kwamba Grimm waliongeza kipande kingine, ambamo mbwa mwitu wa pili anamjia msichana yule yule, naye safari hii hamsikilizi, anakwenda moja kwa moja kwa bibi yake. Vitabu vingi vya watoto wadogo vimekikata kipande hicho kwa kuwa ni kirefu na hadithi imekwisha furahisha. Ni ajabu kwamba pande mbili za dunia zimekata mahali pale pale: pale ambapo hatari inarudi mara ya pili.

Nami pia nilikata. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuiandika hadithi ya kima na papa kwa watoto wa chini ya miaka saba. Mhariri aliniomba nimwondoe punda, kwa kuwa anakufa na kuliwa, na kwa kuwa hadithi ndani ya hadithi humchosha mtoto. Sikubishana naye. Nilijiambia kwamba kila msimuliaji tangu Vishnusharman amebadili, basi na mimi ninayo haki. Nilimaliza kwa kima juu ya mkuyu, anacheka, na papa anakwenda zake kwa aibu. Kitabu kilipendwa.

Siku moja niliwasomea watoto wa shule ya chekechea. Nilipofunga kitabu, mtoto mmoja aliuliza, "Na kesho papa akija tena, akisema samahani, kima atashuka?" Nilimjibu kwamba hatashuka. Akauliza, "Umejuaje?" Sikuwa na la kumwambia. Jibu lilikuwako kwa zaidi ya miaka elfu na mia tano, limepita katika Kisanskriti, Kipahlavi, Kiarabu na Kiswahili, na mimi ndimi niliyelitoa.

Sisemi kwamba mtoto mdogo asimuliwe damu na mifupa. Simba anaweza kumla punda kwa sentensi moja, na msimuliaji mwenye busara hupita hapo upesi. Tunaweza kubadili mti, samaki, sultani na posa, kwa maana historia inatupa ruhusa hiyo. Lakini punda lazima aende mara mbili. Tukimwondoa, tunamwachia mtoto werevu wa kuponyoka siku moja, tukamnyima moyo wa kukumbuka na masikio ya kuyatambua maneno yale yale yakija kwa sauti mpya. Mwaka huu ninaiandika hadithi ile upya. Punda wa dobi amerudi mahali pake, na jina la kitabu ni lake.