Kutu Haisomi Waranti: Historia Fupi ya Fremu za Pikipiki

Leo naweka seva na programu kando kidogo, tuongee kuhusu chuma. Usiondoke! Utaona mwishoni kwamba habari hii inatuhusu sisi watu wa kompyuta kuliko unavyodhani.

Hapa Kakamega kuna ubishi mmoja ambao hauishi kwenye steji za bodaboda: fremu ya pikipiki ikioza, nani alipe? Mwenye pikipiki anasema kiwanda kilipaka rangi ya kudanganya macho. Mwenye duka anasema ni mvua, ni matope, ni wewe mwenyewe hukuosha. Sisi tunaoandika programu tunaujua mchezo huu. Mteja anasema programu imekwama, aliyeiandika anajibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kila mmoja anaona upande wake tu.

Ili kuumaliza ubishi huu nadhani inabidi tujue historia tatu: ya pikipiki, ya kutu na ya sheria. Twende moja baada ya nyingine.

Historia ya kwanza: pikipiki

Bodaboda hazikuanza na injini. Zilianza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 na 1970, kwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Jina lenyewe limetoka kwenye kilio cha kuita abiria: boda, boda! Kutoka Busia zikaenea Magharibi yote, na kwa miaka mingi Kakamega ilikuwa mji wa baiskeli. Ile Black Mamba nyeusi ilikuwa na fremu ya mabomba mazito. Ilishika kutu kama chuma kingine chochote, lakini chuma kilikuwa kingi, na kutu ilihitaji miaka kukimaliza. Baba aliiendesha, mtoto akairithi.

Mambo yaligeuka mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini chini ya cc 250. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 4,000. Mwaka 2008 zilipita 50,000, na mwaka 2010 zikapita 100,000. Nyingi zilitoka China na India, na maduka ya kuziuza yakachipuka kila mji. Vijana waliouza ng'ombe au miwa ili wanunue moja walipata kazi, na akina mama wajawazito vijijini wakapata usafiri wa usiku ambao haukuwepo.

Lakini ushindani ulikuwa wa bei. Sasa fikiria kama mtengenezaji: unataka kupunguza gharama, utapunguza wapi? Injini mnunuzi ataiwasha palepale dukani na kuisikiliza. Taa atazijaribu. Unene wa bomba na rangi iliyo ndani yake hataviona kamwe. Sisemi kila kiwanda kilifanya hivyo. Nasema kwamba hapo ndipo mahali rahisi pa kujificha, na mnunuzi hana macho ya kupenya chuma.

Pamoja na pikipiki ikaja karatasi ngeni: waranti. Miezi kadhaa au kilomita kadhaa, chochote kitakachotangulia. Na chini, kwa herufi za sisimizi, orodha ya yale ambayo waranti haigusi: matairi, balbu, breki, na mara nyingi kutu.

Historia ya pili: kutu

Watu wengi wanadhani kutu ni maji yanayokula chuma. Si hivyo hasa. Kutu ni umeme! Chuma kinapokuwa na maji na oksijeni juu yake, sehemu moja hutoa elektroni na kuyeyuka, sehemu nyingine huzipokea. Ni betri ndogo sana inayojila yenyewe. Chumvi huifanya betri hiyo ifanye kazi haraka zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri.

Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Ulick Evans wa Cambridge alionyesha jambo hili kwa tone moja tu la maji ya chumvi juu ya bapa la chuma. Ungetarajia chuma kiliwe pembeni mwa tone, ambako hewa ni nyingi. Kumbe kililiwa katikati, mahali oksijeni ilipokuwa haba! Shika hilo vizuri, maana ndilo linaloeleza fremu zetu. Panapooza si pale panapopigwa na upepo. Panapooza ni chini ya tope lililoganda, chini ya mpira unaofunika bomba, chini ya kiti, na ndani ya bomba lenyewe ambamo maji yaliingia kupitia tundu dogo yakakosa njia ya kutokea.

Sasa njoo Kakamega. Tuko zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa, hatuna upepo wa bahari. Lakini tunapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri, saa ambayo bodaboda iko kazini. Fremu haikauki. Kisha angalia mizigo. Mbolea tunayobeba kwenda shambani, CAN na DAP, ni chumvi kwa lugha ya kemia, na gunia likivuja juu ya keria vumbi lake hunyonya unyevu na kukaa kwenye maungio. Betri ya asidi ikivuja, asidi hushuka moja kwa moja kwenye bomba. Halafu gunia la kilo 90 na abiria wawili hutikisa fremu kwenye barabara ya murramu hadi rangi inapasuka kwenye mishono ya kuchomelea. Kwa hiyo mwenye duka hasemi uongo anapotaja mvua na matope.

Ila naye kuna jambo hasemi. Dawa ya kutu si siri wala si mpya. Mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza alipendekeza kulinda shaba iliyofunika matumbo ya meli kwa kuifungia chuma au zinki, metali inayokubali kuliwa kwanza. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kupaka chuma zinki, na ndiyo maana leo tuna mabati juu ya nyumba. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Ford ilianza kuzamisha bodi za magari ndani ya rangi inayovutwa na umeme, rangi inayofika mpaka pembe ambazo bomba la kupulizia halifiki. Mvua ya Kakamega nayo haikuanza juzi. Anayeuza chombo cha kazi hapa anajua kitanyeshewa.

Basi kutu ya fremu ina wazazi wawili, matumizi na utengenezaji. Swali la haki ni yupi alitangulia. Fremu iliyooza kutoka nje kuja ndani, palipokwaruzwa na keria, inasimulia habari ya matumizi. Fremu iliyopasuka kwenye mshono ikiwa rangi ya nje bado inang'aa, na ukiikata unakuta ndani hakuna rangi hata chembe, inasimulia habari nyingine kabisa.

Historia ya tatu: sheria

Binamu yangu aliipata habari hiyo ya pili. Pikipiki yake, ya mkopo, ilikatika chini ya kiti mwezi wa 14. Waranti ilikuwa ya miezi 12. Dukani alijibiwa kwa upole, "Pole sana kaka, muda umeisha. Na hata ungekuwepo, kutu haimo." Mkopo wenyewe haukuvunjika pamoja na fremu, uliendelea kudai kila siku. Fundi wa jua kali alikuwa tayari kuchomelea, lakini joto la kuchomelea huunguza rangi iliyobaki ndani, na kutu hurudi kwa kasi. Kununua fremu nyingine nako kuna mtego wake: namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu yenyewe, na ndiyo iliyo kwenye logbuku. Ukiwa na namba isiyolingana, una maelezo marefu ya kumpa askari barabarani. Fremu si spea tu, ni kitambulisho cha pikipiki.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria, na nikakuta jambo la kuchekesha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilianza kutumika Kenya mwaka 1931, ikiwa imefuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Ndani yake neno waranti ni ahadi ndogo! Ahadi kubwa inaitwa sharti. Sharti likivunjwa unaweza kurudisha bidhaa. Waranti ikivunjwa unadai fidia tu. Na kifungu cha 16 kinaweka masharti ambayo hayahitaji kuandikwa popote: kwamba bidhaa inafaa kwa kazi uliyomweleza muuzaji, na kwamba ina ubora wa kuuzika. Ukiikagua kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungeifichua. Lakini ni ukaguzi gani wa dukani unaofichua ndani ya bomba?

Tatizo ni kwamba sheria hiyo ya zamani iliruhusu wahusika kukubaliana vingine. Kwa hiyo kwa miongo mingi zile herufi za sisimizi zilishinda. Mwaka 2010 Katiba mpya, ibara ya 46, ikampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika mwaka 2013, na kifungu chake cha 5 kikageuza mchezo: maneno yoyote yanayojaribu kufuta zile ahadi zisizoandikwa ni batili.

Naomba tuelewane. Hii haina maana kila fremu yenye kutu italipwa. Maana yake ni kwamba karatasi ya miezi 12 ni ahadi ya ziada juu ya sheria, haiizimi sheria. Madai ya mkataba Kenya yana muda wa miaka 6. Kama bomba halikupakwa rangi, kasoro ilikuwepo siku ya kwanza, hata kama ilijitokeza mwezi wa 14. Sisi tunajua: hitilafu huzaliwa siku programu ilipoandikwa, si siku mtumiaji alipoigundua.

Kwingine walifanyaje?

Marekani, mwaka 2008, Toyota iliongeza ulinzi wa fremu za Tacoma za miaka 1995 hadi 2000 ufike miaka 15, na zile zilizooza vibaya ikazinunua kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Mwaka 2016 ikakubali suluhu ya kesi yenye kikomo cha dola bilioni 3.4 kwa magari yapatayo milioni 1.5, bila kukiri kosa. Indonesia, mwezi Agosti 2023, watu walisambaza video za fremu za skuta za Honda zilizovunjika na kushika kutu. Kampuni ilieleza kwamba madoa ya manjano kwenye mishono yalikuwa silikati ya kuchomelea na si kutu, serikali ikaingia kuchunguza, na baadaye waranti ya fremu ikaongezwa hadi miaka 5.

Wanaolalamika mmoja mmoja huambiwa hawakuosha. Wanapoleta picha mia za mshono uleule, jibu hubadilika. Kwa lugha yetu: ripoti moja ya hitilafu ni kelele, ripoti mia zenye namba za toleo ni ushahidi.

Kwa hiyo fanya hivi

Weka kumbukumbu, kama seva inavyoweka. Piga picha fremu siku ya kununua: chini ya kiti, shingoni, kwenye mishono. Tunza risiti za sevisi zote, maana ndizo zinazothibitisha matunzo. Osha tope na vumbi la mbolea siku hiyohiyo, na hakikisha matundu ya kutolea maji hayajaziba. Ufa ukitokea, usikimbilie kuchomelea. Ukichomelea umefuta ushahidi. Piga picha kwanza, andika barua ya malalamiko, bakisha nakala iliyopigwa muhuri na duka. Waulize wenzako wa steji kama zao zimepasuka palepale.

Wakikataa, kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayopokea malalamiko ya walaji. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufungua milango kwa mara ya kwanza Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Bei ya bodaboda inaingia humo bila shida.

Binamu ameandika barua yake, ameambatanisha picha za bomba lililokatwa, na wenzake watatu wenye pikipiki za mwaka uleule wameweka sahihi. Duka lililosema muda umeisha sasa limeomba siku 14 za kuwasiliana na makao makuu. Siku hizo tunazihesabu.