Gisozi na Ulinzi wa Nakala

Simu za mkononi zimeleta darasani maneno mawili ambayo wanafunzi hawaachi kutuuliza maana yake: chelezo na kusawazisha. La kwanza si geni kwa watu wa pwani, maana tangu zamani ni kitu kieleacho juu ya maji, mfano wa boya. Wataalamu wa kompyuta wameliazima ili kutaja nakala ya akiba. La pili hutumika pale majina ya jamaa, tarehe za miadi na barua pepe zilizomo katika simu zinapolinganishwa na zilizomo katika kompyuta hata zikawa sawa. Mara nyingi maneno haya hufundishwa kana kwamba ni mapacha, nayo hutenda kazi mbalimbali. Mwenye kusawazisha akifuta jina katika simu, jina hilo hufutika na kwingineko. Mwenye chelezo akilifuta, nakala ya akiba hubaki vile ilivyokuwa. Na nyuma ya maneno haya mepesi lipo swali zito: jina la mtu lihifadhiwe wapi, na mikononi mwa nani? Nchini Rwanda swali hilo limejibiwa kwa uchungu mkubwa, na mahali pa kulitazama ni Gisozi.

Gisozi ni mlima mmojawapo wa jiji la Kigali, wilayani Gasabo. Mwaka 1999 wakuu wa jiji walitoa ardhi hapo ili wazikwe kwa heshima watu waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Maziko yalianza mwaka 2001, na mwezi Aprili 2004 likafunguliwa jumba la kumbukumbu, kwa ushirikiano wa jiji na shirika la Aegis Trust la Uingereza. Watu zaidi ya 250,000 wamelala hapo. Septemba 2023 UNESCO iliiingiza Gisozi, pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ndani ya jumba hilo kimo chumba cha picha. Ni picha za kawaida zilizoletwa na jamaa za marehemu: maarusi, wanafunzi, mama na mtoto mgongoni, kijana aliyesimama wima mbele ya mpiga picha. Mgeni aweza kuzipita upesi asitambue jinsi zilivyo adimu. Katika siku zile mia moja nyumba ziliporwa na kuchomwa moto, na pamoja nazo zikateketea albamu, barua, vyeti na vijitabu vya anwani. Aliyeokoka hakuokoka na sanduku la karatasi. Kwa baadhi ya jamaa, picha iliyosalia ni ile iliyokuwa imetumwa kwa ndugu aliyekuwa akiishi Burundi, Uganda au Ulaya. Aliyeituma hakuwa akiweka akiba. Alikuwa akimsalimu nduguye tu. Hata hivyo ni salamu hiyo iliyouhifadhi uso wake.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba kila nakala ni heri. Rwanda haikukosa orodha za watu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwaandikisha wananchi na kuwapa vitambulisho vilivyotaja kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na vitambulisho vya namna hiyo vilidumu hata baada ya uhuru wa mwaka 1962. Mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, karatasi hiyo ndiyo iliyoombwa kwanza. Aidha wauaji walikuwa na orodha za majina na makazi zilizotayarishwa mapema. Hapa kumbukumbu zilikuwa kamili na zililandana, la mtu mfukoni na la ofisini, na ukamilifu wake ulimuua mwenyewe. Kwa maoni yetu, anayefundisha habari za nakala bila kuligusa jambo hili amefundisha nusu ya somo.

Kwa sababu hiyo kazi iliyofanywa baadaye Gisozi yastahili kuangaliwa kwa makini. Desemba 2010 ilizinduliwa hapo Hifadhi ya Nyaraka za Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, yenye shuhuda za waliookoka zilizorekodiwa kwa sauti na picha, pamoja na hati na picha zilizoingizwa katika kompyuta. Maktaba za Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Marekani, zilishirikiana nayo. Zamani, nyaraka za Afrika zilipovuka bahari, zilivuka zikabaki hukohuko. Mtafiti wetu ilimbidi apande ndege kwenda London au Brussels kuisoma historia ya babu yake. Katika mpango huu kilichosafiri ni nakala tu, na asili ikabaki Rwanda. Kigali ikipatwa na moto au mashine zikiharibika, nakala iko ng'ambo. Na Austin haikujipatia umiliki kwa kuitunza. Ni chelezo kwa maana kamili ya neno.

Nyaraka za mahakama za gacaca ni habari nyingine. Mahakama hizo za vijijini, zilizoanza Juni 2002 na kufungwa Juni 2012, zilipata kama 12,000, zikasikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Mengi yaliandikwa kwa mkono, kwa Kinyarwanda, katika madaftari na fomu. Jumla yake hukadiriwa kurasa zipatazo milioni 60. Wino hufifia na karatasi huliwa na mchwa, kwa hiyo zilianza kupigwa picha moja moja ili ziingizwe katika kompyuta. Ila humo mmeandikwa majina ya washtaki, washtakiwa na mashahidi ambao hata leo huchota maji kisima kimoja. Kuzirudufu ni lazima. Kuzianika mbele ya kila apitaye si haki. Hata Arusha, zinakotunzwa kumbukumbu za mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, mashahidi wengi hujulikana kwa herufi tu, na majina yao hayatolewi.

Wanyarwanda huyaita maombolezo yanayoanza kila tarehe 7 Aprili Kwibuka, na sikio la Mswahili halikosi kusikia udugu wa neno hilo na kukumbuka kwetu. Sisi nasi tunalo neno moja, kumbukumbu, kwa yaliyomo moyoni na yaliyomo kabatini. Pengine ni upungufu wa lugha, pengine ni busara yake. Wenzetu wa leksikografia watuamulie.

Nje ya jumba la Gisozi, karibu na makaburi, umejengwa ukuta wa majina. Haujakamilika. Wengi waliozikwa hapo hawajatambuliwa ni nani, kwa kuwa waliowajua waliuawa pamoja nao na karatasi zao ziliteketea, na sehemu ya ukuta ingali wazi ikingojea majina yanayoendelea kukusanywa.