mfano wa ndege
nm. (wingi: mifano ya ndege) Umbo dogo la ndege lililoundwa kwa uwiano maalumu, aghalabu la kuwekwa kabatini kama kumbukumbu. Mabawa ya Dakota, ndege ya uchukuzi ya Vita vya Pili vya Dunia, yana mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Ya mfano wake wa 1:72, sentimita 40 hivi.

Matumizi: Upatanisho hufuata mfano, si ndege. Huko Mwadui, Shinyanga, ambako mgodi wa almasi una uwanja wa ndege, "Mfano wa Dakota umeanguka" ni habari ya kabatini. "Dakota imeanguka" ni msiba. Mfasiri asilidondoshe neno mfano kwa kufupisha. (Ndege mwenye manyoya, bila shaka, ameanguka.)