Zeppo, ndugu aliyesahaulika, na jiwe la Shinkolobwe



Wiki mbili zilizopita nilisimama kwenye gereji moja kando ya barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Likasi. Kamyo moja iliyobeba kobalti ilikuwa imelala pale tangu asubuhi. Fundi alikuwa chini yake, dereva amekaa kivulini anakula muhogo, na kilichowasimamisha wote kilikuwa kitu kidogo cha kushikwa kwa mkono mmoja: ule mkanda wa chuma unaobana turbo na bomba la moshi. Mafundi wetu wanauita koliye. Ni duara lenye mfereji ndani yake, umbo la herufi V, na buloni moja ya kukazia. Ukikaza buloni, mfereji unavuta midomo miwili ya mabomba na kuifunga pamoja. Ukivunjika, kamyo haiendi popote.

Nilimwambia yule fundi kwamba mtu aliyeifanya koliye ya namna hiyo ijulikane duniani alikuwa mchekeshaji wa sinema. Alitoa kichwa akanitazama kama mtu aliyekunywa lutuku. Basi, habari yenyewe ndiyo hii. Naomba mvumilie nikianzia mbali, maana mwisho wake unarudi hapa kwetu, karibu kabisa na barabara ileile.

Mjini New York, mwishoni mwa karne ya 19, kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Sam Marx. Alikuwa Myahudi kutoka Alsace, na mke wake, Minnie, alitoka Ujerumani. Wote wawili walikuwa watu waliohama makwao. Sam hakuwa fundi mzuri. Mwanawe mmoja amesimulia kwamba baba hakupenda kutumia futi ya kupimia, alikadiria kwa macho, na wateja wake walijulikana mtaani kwa suruali zenye mguu mmoja mrefu. Nyumba ililishwa zaidi na akili za mama. Minnie aliamua kwamba watoto wake watapanda jukwaani, wapende wasipende.

Walikuwa watano. Chico, Harpo, Groucho, Gummo, na wa mwisho kabisa Herbert, aliyezaliwa tarehe 25 Februari 1901, ambaye dunia ilikuja kumwita Zeppo. Kati yake na Chico, mkubwa wao, kuna karibu miaka 14. Anayejua maisha ya kitinda mimba katika nyumba ya wavulana atanielewa: kila kiti kimeshakaliwa.

Na vichekesho vyote vilikuwa vimeshagawanywa. Groucho alikuwa na masharubu ya kupaka rangi, sigara nene na mdomo usiofungwa. Harpo alikuwa bubu wa jukwaani, mwenye nywele za kujikunja, honi na kinubi. Chico alisema kwa lafudhi ya Kiitaliano ya uongo na kupiga piano kwa vidole vya utani. Gummo alicheza nao miaka ya mwanzo, kisha mwaka 1918, vita vya kwanza vya dunia vikiwa bado vinawaka, akaingia jeshini. Mama akamwita Zeppo ashike nafasi. Hakuiomba. Alikuwa kijana wa miaka 17 anayependa mashine. Gari la familia lilitembea kwa sababu yeye ndiye aliyejua kulitengeneza. Mtu wa spana akavalishwa suti na kusukumwa mbele ya watu.

Kazi aliyopewa ni ile isiyo na jina zuri katika kundi lolote la vichekesho. Alikuwa mtu wa kawaida. Katibu, mtoto wa mkubwa fulani, kijana mwenye sauti nzuri anayempenda binti. Anauliza swali ili mwingine ajibu kwa mzaha. Anasimama wima ili anayeanguka aonekane anaanguka. Watu wakicheka, hawamcheki yeye, na wakitoka nje hawakumbuki alikuwa amevaa nini.

Sisi wa Katanga tunayajua haya bila kwenda Marekani. Tumekua na Mufwankolo kwenye radio na televisheni ya Lubumbashi, akichekesha kwa Kiswahili chetu hikihiki. Kundi zima lilibeba jina lake. Waulize wazee wakutajie waigizaji wengine: watataja Kachelewa, watataja Bwana Cheko, halafu wataanza kukuna kichwa. Lakini jaribu kuwaza mchezo mmoja wa Mufwankolo bila yule anayefungua mlango na kusema "hodi". Hakuna mchezo.

Zeppo alionekana katika filamu tano za kwanza kubwa za kundi lao, kuanzia The Cocoanuts ya mwaka 1929 hadi Duck Soup ya mwaka 1933. Ukizipata, tafuta ile ya mwaka 1930, Animal Crackers, mahali ambapo Groucho anamsomea barua ya kuandika. Groucho anasema maneno marefu ya kipuuzi, Zeppo anaandika kwa heshima zote, kisha anasoma alichoandika. Amekata sehemu nzima, kwa sababu aliona haina maana. Anasema hivyo kwa uso mkavu kabisa, kama karani wa ofisi ya serikali. Nimeitazama mara nne. Mimi naona mchekeshaji pale ni yeye.

Na uwezo alikuwa nao. Groucho alipougua kidole tumbo mjini Chicago, wakati kundi likiwa safarini na Animal Crackers ya jukwaani, Zeppo alijipaka masharubu, akavaa miwani, akashika sigara na kucheza nafasi ya kaka yake. Vicheko vilikuja kama kawaida. Groucho mwenyewe alisema baadaye kwamba nje ya jukwaa mdogo wao ndiye aliyekuwa mchekeshaji kuliko wote. Ila kaka mkubwa alipopona, masharubu yalirudi kwa mwenyewe na Zeppo akarudi kusimama wima. Inasemekana pia kwamba kwa miaka mingi alilipwa mshahara kama mfanyakazi, huku kaka zake wakigawana faida. Nani kati yetu hajawahi kufanya kazi ya ndugu kwa masharti ya namna hiyo?

Mwaka 1934 akaacha. Hakufanya kelele. Kundi liliendelea likiwa na watu watatu na kufanya filamu iliyopendwa sana, na ndipo wengi walipoamua kwamba yule wa nne hakuwa na maana. Mimi siukubali uamuzi huo, kwa sababu katika filamu zilizofuata walilazimika kila mara kutafuta kijana mwingine wa kusimama mahali pake, na vijana hao hakuna anayewakumbuka hata kidogo.

Zeppo alijifanya wakala wa waigizaji, mtu wa kuwatafutia wengine kazi na mikataba. Barbara Stanwyck alikuwa mteja wake, na Lana Turner alipoanza sinema alipitia mikononi mwake. Gummo alifanya naye kazi hiyo. Gummo naye, niseme kwa kupita, amesahaulika zaidi: hakuonekana katika filamu hata moja ya kundi.

Lakini mikono ya Zeppo iliendelea kutaka chuma. Mwaka 1941 alianzisha kampuni ya kutengeneza vipuri, Marman Products, huko Inglewood, California. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeanza, viwanda vya ndege vilihitaji kila aina ya kifaa, na kampuni ile ikapata jina kwa ule mkanda wenye mfereji wa V. Mpaka leo mainjinia wanauita kwa jina la Marman. Faida yake ni kwamba unabana kwa nguvu sana, na bado unaweza kuufungua kwa haraka ukiachia sehemu moja tu. Kwa sababu hiyo mikanda ya aina hiyo inatumika kushikilia satelaiti juu ya roketi: ikifika angani, mkanda unaachia, satelaiti inakwenda zake. Simu ya mtu aliyeko Dubai ikikufikia hapa Kolwezi, huenda kuna koliye mahali fulani katika safari hiyo.

Sasa ndio tunarudi nyumbani.

Waliosimulia maisha ya Zeppo wanasema mikanda ya kampuni yake ilitumika kushikilia mabomu ya atomu yaliyobebwa na ndege za Marekani mwaka 1945. Na jiwe lililo ndani ya habari hiyo mnalijua lilikotoka. Lilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville, katika mine ya Union Minière du Haut-Katanga. Mahali pale palikuwa na urani tajiri kuliko karibu pengine pote palipojulikana wakati ule. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka Marekani tani 1,200 hivi za mawe hayo, yakawekwa katika mapipa kwenye ghala la Staten Island, New York, mji uleule alikozaliwa mtoto wa fundi cherehani. Mapipa yalikaa kimya. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimwendea Sengier ofisini, na mazungumzo mafupi yakatosha kuyauza yote. Kisha wakaja kuifungua tena mine yenyewe, iliyokuwa imefungwa na kujaa maji, na wafanyakazi wa Katanga wakashuka kuchimba.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lilianguka Hiroshima. Watu wanaokadiriwa kufika 140,000 walikuwa wamekufa kabla mwaka ule haujaisha.

Sengier alipewa nishani ya serikali ya Marekani mwaka 1946. Zeppo alikuwa amekuwa tajiri kwa kiwanda chake, jambo ambalo vichekesho havikumpa kwa kiasi hicho. Sisemi kwamba alikuwa na hatia. Aliuza mikanda, na mkanda haujui unashika nini. Wala wachimbaji wetu hawakuambiwa jiwe linakwenda wapi. Ila majina mawili tunayo, yameandikwa, yana picha. Walioshika jiwe lenyewe kwa mikono hawana picha katika vitabu nilivyosoma. Wanaitwa "wafanyakazi". Katika mchezo mkubwa kuliko yote ya karne ile, wao ndio walifungua mlango na kusema hodi.

Na hawakuachiwa hata kijiji. Januari 2004 amri ya rais ilifunga Shinkolobwe, ambako wachimbaji wa mikono walikuwa wakitafuta kobalti juu ya mashimo ya zamani. Julai mwaka uleule sehemu ya mine iliporomoka na watu wakafa. Walioishi pale waliondolewa. Baadhi yenu mnaosoma haya, mkiwa mmepanga chumba Likasi, Kambove au hapa Kolwezi, mnaijua siku hiyo kuliko mimi.

Nimalizie habari za Zeppo. Uzeeni aliendelea kubuni vitu. Mwaka 1969 alipewa hataza ya saa ya mkononi kwa wagonjwa wa moyo, inayofuata mapigo ya damu na kuyalinganisha na mwendo wa kawaida ili mtu aone kama kuna hatari. Leo vijana wanavaa saa za kuhesabu mapigo kwa ajili ya mashindano ya mbio, na wengi wao wakimwona katika filamu watauliza yule mwenye suti ni nani. Alicheza kamari sana, kama Chico. Mke wake wa pili, Barbara, waliachana, naye akaolewa na mwimbaji Frank Sinatra mwaka 1976, kwa hiyo hata katika habari ya ndoa yake magazeti yalimtaja mtu mwingine kwanza. Kaka zake walitangulia mmoja mmoja: Chico mwaka 1961, Harpo mwaka 1964, Gummo na Groucho wote wawili mwaka 1977. Yeye alifariki tarehe 30 Novemba 1979 akiwa na miaka 78. Alikuwa wa mwisho kuingia na wa mwisho kutoka.

Yule fundi wa gereji alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa bado amelala chini ya kamyo. Kisha akaniambia kwamba baba yake mkubwa alifanya kazi Shinkolobwe enzi za Wabelgiji, akanitajia jina lake na la wenzake wawili waliokaa naye kambi moja. Nikayaandika nyuma ya risiti ya mafuta, kwa sababu daftari nilikuwa nimeliacha nyumbani.

Nimeanza daftari jipya kwa kazi hiyo. Mwenye babu, baba au mjomba aliyechimba, kuchambua mawe au kupakia magunia Shinkolobwe, aniletee jina, mwaka kama anaujua, na kazi aliyokuwa anafanya. Waliohamishwa wasione haya kwamba hawana karatasi. Jina la mdomo linatosha. Nakaa mlangoni pa studio kila Jumamosi baada ya kipindi cha asubuhi. Majina yale matatu ya kwanza nitayasoma hewani Jumamosi hii, na fundi ameahidi kufungua radio, kama koliye itakuwa imepatikana na kamyo imeondoka.