Fainali ya Accra, 1978: Makofi Yalikuwa ya Nani?

Miongoni mwa mambo ambayo watawala hupenda kuyaazima kwa raia wao, furaha ya mpira ni mojawapo. Timu ya taifa inaposhinda, mtawala husogea karibu na kombe, akataka makofi waliyopigiwa wachezaji yahesabiwe kuwa yake yeye. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa mchezo mmoja tu, kwamba hesabu hiyo si ya haki. Mchezo wenyewe ni fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika kati ya Ghana na Uganda, iliyochezwa mjini Accra mwezi wa Machi 1978.

Yafaa kwanza tuitazame hali ya nchi hizo mbili wakati ule. Zote zilikuwa chini ya wanajeshi. Hapa Uganda, Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Huko Ghana, Kanali Acheampong alikuwa amempindua Waziri Mkuu Busia tarehe 13 Januari 1972. Kila mmoja aliingia kwa ahadi nyingi, na kila mmoja aliwafikisha watu wake kwenye dhiki. Lugha yenyewe ni shahidi. Katika Uganda, sukari, chumvi na sabuni zilipoadimika madukani, neno la Kiswahili magendo lilienea kila mtaa, na matajiri wapya waliogawiwa maduka ya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972 wakaitwa mafuta mingi. Katika Ghana, ambako mwaka 1977 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 100, ulanguzi wa namna hiyo hiyo uliitwa kalabule. Watu wa nchi hizo hawakusemezana, lakini walilazimika kutafuta majina ya msiba mmoja.

Juu ya dhiki palikuwa na hofu. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili waliuawa, na serikali ikatangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari. Walioamini walikuwa wachache. Wakati huo mtu aliweza kuchukuliwa mchana kweupe asionekane tena. Ghana haikufika katika giza hilo, lakini nako mashaka yalikuwa makubwa. Mwaka 1977 wanafunzi na watu wa taaluma waligoma wakidai utawala wa kiraia. Acheampong aliwajibu kwa mpango wa Serikali ya Umoja, yaani serikali ya wanajeshi, polisi na raia pamoja, isiyo na vyama. Kura ya maoni juu ya mpango huo ilipangwa kupigwa tarehe 30 Machi 1978. Basi fainali ya Accra ilichezwa siku chache tu kabla ya kura hiyo.

Timu ya Uganda, chini ya mwalimu Peter Okee na nahodha Jimmy Kirunda, haikufika fainali kwa bahati. Iliishinda Congo ya Brazzaville mabao 3 kwa 1, ikafungwa na Tunisia kwa hesabu iyo hiyo, kisha ikaiangusha Morocco, bingwa wa mwaka 1976, mabao 3 kwa 0. Katika nusu fainali iliishinda Nigeria 2 kwa 1. Philip Omondi alipachika mabao matatu katika mashindano hayo, na hakuna mchezaji aliyempita. Televisheni zilikuwa chache nchini, na kwa watu wengi redio ndiyo iliyokuwa jicho. Siku ya fainali Ghana ilishinda mabao 2 kwa 0, yote mawili ya Opoku Afriyie. Kwa kuwa ilikuwa nchi ya kwanza kutwaa ubingwa mara tatu, baada ya ile ya 1963 na 1965, Ghana ilipewa kombe lile liwe lake daima.

Je, ushindi ule ulimfaa nini Acheampong? Kura ilipigwa kama ilivyopangwa. Jaji Isaac Abban, aliyesimamia uchaguzi, alilazimika kujificha kwa kuhofia usalama wake, na serikali ikatangaza kwamba imeshinda. Watu hawakukubali. Tarehe 5 Julai 1978, kabla hata miezi minne haijatimia tangu fainali, maofisa wenzake walimwondoa madarakani. Tarehe 16 Juni 1979 alipigwa risasi. Naye Amin, mwezi wa Oktoba 1978, majeshi yake yalivuka mpaka na kuingia Kagera katika Tanzania. Vita hivyo vilimwondoa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Ngoma ivumayo haidumu.

Hapa ndipo penye fundisho. Waliopiga vigelegele Accra hawakuwa wakipiga kura, na waliotega masikio redioni hapa Uganda hawakuwa wakimsifu mtu aliyewatia hofu. Mtu aweza kuipenda timu ya nchi yake kwa moyo wote, na jioni ile ile akaogopa kugongewa mlango. Si unafiki. Nchi ni ya wenyewe, hata inapokuwa imeshikwa na mwingine. Kwa hiyo wanaosema kwamba timu ya 1978 ilikuwa timu ya Amin wanampa marehemu zawadi asiyostahili. Jasho lilikuwa la Omondi, la Kirunda na la wenzao. Tena iliipasa Uganda kungoja miaka 39, hadi mwaka 2017, ndipo ionekane tena katika mashindano hayo.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Mwaka 1973 Amin aliitangaza lugha yetu kuwa lugha ya taifa. Lakini raia wengi waliisikia zaidi kutoka kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani, nao wakaichukia kwa sababu ya aliyeisema. Kiswahili kilitwishwa makosa ya mtawala, kama vile wachezaji wanavyotwishwa jina lake. Kuitenga lugha na aliyeitumia vibaya ni kazi tuliyoifanya madarasani kwa miaka mingi, na bado haijaisha.

Wazee walioisikiliza fainali ile wangalipo miongoni mwetu. Mwalimu na awatume wanafunzi wake kwao na maswali mawili: mlisikilizia wapi, na siku zile mlikuwa mkiogopa nini? Majibu na yaandikwe kwa Kiswahili na kuhifadhiwa shuleni, maana mabao ya siku ile yameandikwa vitabuni, lakini hofu za wasikilizaji bado ziko vifuani mwao.