Doa la Manjano, Kikwajuni

Kinu cha bibi yangu, Kikwajuni, kilikuwa kimeingia rangi ya manjano hadi ndani ya mti, rangi ambayo hata kusuguliwa kwa mchanga hakukuitoa. Siku ya kutwanga bizari alijifunga kanga kuukuu, maana manjano hayana huruma na nguo. Jioni moja kanga ile ilipotiwa sabuni, doa la njano liligeuka jekundu mbele ya macho yangu, jekundu kama mate ya mla tambuu. Nikapiga kelele. Bibi hakuinua hata kichwa. "Liache, mjukuu wangu. Kesho lianike juani." Tulianika siku mbili, na doa likafifia hadi likawa halionekani.

Ndivyo manjano yalivyo. Sabuni huyageuza mekundu, kama ifanyavyo chokaa, na jua huila rangi yao. Bibi hakulisoma hilo popote.

Visiwa vyetu vinasifiwa kwa viungo, lakini historia iliyoandikwa ni ya kiungo kimoja tu. Karafuu ina vitabu. Tunasoma kwamba ilifika mwanzoni mwa karne ya 19, kwamba Sultani Seyyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, kwamba iliota kwa jasho la watumwa, na kwamba kimbunga cha 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani. Karafuu ilitozwa ushuru, ikahesabiwa, ikapiganiwa. Manjano hayakumjengea sultani kasri. Yalibaki mikononi mwa wanawake, jikoni na uani, na nadhani ndiyo sababu kalamu ziliyapita.

Na bado mmea huu una safari ya kustaajabisha kuliko mkarafuu. Manjano hayazai mbegu zinazoota. Yanaendelezwa kwa kuzika kipande cha shina lake la ardhini, kama tangawizi. Hakuna ndege wala upepo uliowahi kuyavusha bahari. Kila kichaka kinachochimbwa leo Kizimbani au Dole ni uzao wa kipande kilichobebwa na mtu kwa mkono wake, asili yake Bara Hindi, ambako majahazi yalikuwa yakitoka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Tofauti na zingefuri, ule mti wa mbegu nyekundu ambazo watembeza wageni mashambani huwapaka watalii midomoni: asili yake ni Amerika ya kitropiki, na mbegu zake huota zenyewe zikidondoka.

Jinsi manjano yalivyotuingia, hata lugha ni shahidi. Kijani tumekitoa kwenye majani, kijivu kwenye majivu, na rangi ya jua la asubuhi tukaipa jina la kiungo cha mchuzi. Shabiki wa Yanga anayeimba njano na kijani anataja jikoni bila kujua.

Kikwajuni ni mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga na Mji Mkongwe kabla haujafukiwa. Daraja la maji hayo ndilo lililoacha jina la Darajani, na hapo, katika Marikiti ya mwaka 1904, bibi alinunua manjano makavu mazima. Ya unga hakuyataka. Alivunja kipande kimoja, akatazama ndani: kikiwa na rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, alichukua. Hayo ndiyo yaliyoingia kwenye mchuzi wa samaki, kwenye achari ya ndimu, na kwenye urojo, uliokolezwa ukali kwa embe mbichi au ukwaju, tunda lile lile ambalo mti wake mdogo uliupa mtaa wetu jina.

Yaliyobaki yalikuwa dawa. Nilipojikata, unga ulibanwa kwenye jeraha. Nilipokohoa, maziwa ya moto yenye manjano na pilipili manga. Bibi harusi alipokuwa akisingwa, wengine waliyatia kwenye singo ili ngozi ing'are. Sisemi yanatibu kila kitu. Kidonda kinachotunga usaha ni cha kupelekwa hospitali. Lakini ile pilipili manga haikuwa ya kunogesha tu. Mwaka 1998 watafiti wa India walionesha kwamba kurkumini, kiini cha rangi na dawa ya manjano, huingia damuni kwa shida sana ikiwa peke yake, na kwamba kiini cha pilipili manga huongeza uingiaji huo mara nyingi.

Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza kwa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi juu ya kutumia manjano kuponya vidonda, kana kwamba ni uvumbuzi. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India likapinga. Lilipeleka maandiko, ya Kisanskrit yakiwemo, na makala ya jarida la madaktari la India ya 1953. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Naifurahia sana habari hiyo, na kila nikiikumbuka napaona uani kwetu. India ilishinda kwa karatasi. Bibi yangu angepeleka nini?

Miaka michache kabla hajafariki nilimuuliza kipimo cha manjano ya maziwa ya kikohozi. Alikunjua kiganja, akakikunja kidogo kikawa kama kijaluba, akaweka kidole kwenye mkunjo ulio chini ya kidole cha kati. "Yafike hapa." Nikayamimina kiganjani mwake, kisha nikayapima kwa kijiko cha chai: kijiko kimoja, kasoro kidogo. Nikaandika.